Mcheza Kwao Hutuzwa? Serikali za Mitaa na Gharama ya Sanaa za Jamii

Utangulizi

Methali isemayo "Mcheza kwao hutuzwa" hutajwa mara kwa mara na wafundishao fasihi simulizi kuwa ni ushahidi kwamba sanaa za Kiafrika zilikuwa na mwenyewe aliyezigharimia, naye ni jamii. Ni nadra kuulizwa neno la pili la methali hiyo lina maana gani siku hizi. "Kwao" ni wapi? Katika mji au wilaya yenye baraza lake, bajeti yake, afisa wake wa utamaduni na uwanja wake wa mikutano, je, mchezaji yuko kwao? Na anayemtuza ni nani: ni watu walioketi mbele yake, au ni ofisi iliyotia sahihi hundi?

Makala haya yanakusudia kulichunguza suala hilo kwa kuutazama mfano mmoja unaojulikana sana, yaani Kituo cha Kamĩrĩĩthũ huko Limuru, pamoja na mfano wa kulinganisha kutoka Dar es Salaam, na hatimaye hali ya kaunti za Kenya tangu mwaka wa 2013. Hoja inayotetewa ni kwamba udhaifu wa misaada ya serikali za mitaa kwa sanaa haukutokana na uchache wa fedha pekee. Ulitokana zaidi na mgawanyiko wa madaraka: aliyekuwa na uwanja hakuwa na kibali, na aliyekuwa na kibali hakuwajibika kwa wale waliokanyaga uwanja huo. Jambo hili halijapewa uzito unaostahili na wahakiki wa tamthilia, ambao aghalabu huusoma mchezo kana kwamba ulizaliwa kitabuni.

Maneno na uzito wake

Kabla ya kuzitazama ofisi, yafaa kuyatazama maneno ambayo ofisi hizo huyatumia. Kiswahili kina maneno kadhaa kwa tendo la kumpa msanii mali, na kila moja hubeba uhusiano wake.

Tuzo hutolewa hadharani, nayo hutolewa baada ya mtoaji kuona na kusikia. Katika taarabu ya pwani, msikilizaji huinuka kitini, huenda mpaka mbele ya mwimbaji, akampa fedha watu wote wakitazama. Wakati anaouchagua nao husema jambo, kwani huinuka pale ubeti unapomgusa yeye, au unapomgusa mtu anayemkusudia. Kwa hiyo tuzo ni malipo na papo hapo ni uhakiki. Mchango nao hutokana na kuchanga. Kila mmoja hutoa chake, na kwa kutoa hupata haki ya kusema. Maneno haya mawili humweka mtoaji na mpokeaji katika uwanja mmoja.

Maneno ya ofisini ni mengine. Ruzuku ni jamaa ya riziki. Hushuka kutoka juu, na mwenye kuipokea hushukuru wala hadai. Ufadhili umetokana na fadhila, na aliyefadhiliwa hubaki na deni lisilohesabika kwa shilingi. Kibali nacho ni cha shina moja na kukubali. Mwenye kibali ni yule aliyepata kupendeza machoni pa mkubwa. Ni dhahiri basi kwamba mtu anayeandika barua kwa baraza la mtaa akiomba ruzuku, ufadhili na kibali kwa pamoja, amekwisha kujiweka mahali pa mwombaji kabla hajaitaja sanaa yake. Haidaiwi hapa kwamba maneno ndiyo yaliyoleta hali hiyo. Linalodaiwa ni kwamba yanaieleza kwa usahihi kuliko hotuba za majukwaani.

Asili ya mkono wa serikali ya mtaa

Mabaraza ya mitaa nchini Kenya hayakuanza kama walezi wa sanaa. Mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1924 yaliwekwa ili yasaidie utawala wa kikoloni, na miongoni mwa mambo yaliyoangaliwa na utawala huo ni ngoma: ichezwe wapi, mpaka saa ngapi, na kwa idhini ya nani. Wimbo wa Mũthĩrĩgũ, uliowakejeli wamishenari na machifu wakati wa mzozo wa tohara ya wasichana, ulipigwa marufuku mwaka wa 1930. Somo lililoachwa na tukio hilo ni kwamba mtawala aliijua nguvu ya sanaa ya umma mapema kuliko wasomi walioidharau.

Mijini kulikuwa na sura nyingine. Manispaa ya Nairobi, tangu miaka ya 1920, ilijitwalia haki ya kutengeneza na kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji, na faida yake ikatumiwa kwa huduma za wakazi Waafrika. Baadaye zilijengwa kumbi za jamii katika mitaa yao, Kaloleni ukiwa mfano maarufu. Katika kumbi hizo watu walicheza dansi, wakaigiza, wakafanya pia mikutano ya siasa ambayo wajenzi hawakuitazamia. Hapa pana jambo la kukumbukwa: fedha zilizojenga utamaduni wa mtaa zilitoka katika mifuko ya wakazi wenyewe, zikarudi kwao zikiwa na sura ya hisani.

Baada ya uhuru, mabaraza ya wilaya yalidhoofishwa. Kwa sheria ya mwaka wa 1969, shughuli za elimu ya msingi, afya na barabara zilichukuliwa na serikali kuu kuanzia mwaka wa 1970, na katika muongo huohuo kodi ya kichwa iliyokuwa tegemeo kubwa la mabaraza hayo ikafutwa. Yalibaki na masoko, ardhi kidogo, na maafisa wachache wa maendeleo ya jamii. Ni katika umaskini huo ambamo mfano wa Kamĩrĩĩthũ ulichipuka.

Kamĩrĩĩthũ: uwanja na leseni

Kijiji cha Kamĩrĩĩthũ kilianzishwa katika miaka ya Hali ya Hatari, watu walipokusanywa kwa nguvu kutoka mashambani mwao. Katika miaka ya 1970 wakazi wake wengi walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, wakulima wenye vipande vidogo vya ardhi, na watu wasio na kazi. Palikuwapo kituo cha vijana kilichokaribia kufa: ekari nne za ardhi zilizotengwa kwa matumizi ya umma, na jengo dogo la udongo. Afisa wa maendeleo ya jamii ndiye aliyewaendea wakazi, pamoja na wasomi waliokaa karibu, akiwahimiza wakifufue. Mwaka wa 1976 madarasa ya watu wazima yakaanza, na kutokana na madarasa hayo likatoka wazo la mchezo.

Historia iliyofuata inafahamika. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika rasimu ya Ngaahika Ndeenda kwa Kigĩkũyũ. Wanakijiji wakaisikiliza, wakaisahihisha, wakaongeza nyimbo, wakarekebisha lugha ya wazee ambayo waandishi hawakuipatia. Kĩmani Gecaũ wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliuongoza uigizaji. Mazoezi yalifanywa wazi, kila apitaye akiona. Wanakijiji walijenga kwa mikono yao jukwaa lisilo na paa, lenye nafasi za kuketi watu zaidi ya 2,000. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, nao ukaigizwa mwishoni mwa juma ili wafanyakazi waweze kuja. Tarehe 16 Novemba 1977 ukakomeshwa. Mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini, akakaa humo mpaka Desemba 1978.

Ni muhimu kuitazama njia iliyotumiwa kuukomesha mchezo. Hapakutolewa hukumu juu ya sentensi hata moja ya tamthilia. Kilichofanyika ni kuondolewa kwa leseni ya mikusanyiko ya watu katika kituo kile. Leseni hiyo ilikuwa mkononi mwa Mkuu wa Wilaya, mtumishi wa utawala wa mikoa aliyeteuliwa kutoka Nairobi, asiyechaguliwa na mtu yeyote wa Limuru. Baraza la wilaya, lililokuwa na madiwani wa kuchaguliwa, halikuwa na uwezo wa kuitoa wala kuizuia. Kwa maneno mengine, mkono mmoja wa dola uliwaita watu uwanjani, na mkono mwingine ukawatawanya.

Jambo hilo lilirudiwa mwaka wa 1982 kwa ukali zaidi. Kundi lilipotayarisha mchezo wa pili, Maitũ Njugĩra, ulioingiza nyimbo za makabila mbalimbali ya Kenya, lilinyimwa nafasi katika Jumba la Taifa la Michezo mjini Nairobi. Waigizaji walifika wakakuta milango imefungwa. Mazoezi yao chuoni, ambayo watu kwa maelfu walikuwa wakiyahudhuria, yakasimamishwa. Mwezi wa Machi kituo kikapigwa marufuku na polisi wakalibomoa jukwaa. Jengo lililofuata mahali hapo lilikuwa la chuo cha ufundi cha vijana. Msomaji na autazame uchaguzi huo kwa makini: ardhi haikurudishwa kwa mtu binafsi, wala haikuachwa iwe msitu. Ilipewa kazi nyingine ya maendeleo, iliyo njema kwa yenyewe, lakini isiyokusanya watu wakati wa jioni wakajisikiliza.

Katika vitabu vyake Detained (1981) na Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ wa Thiong'o aliyaeleza mambo haya kama pambano kati ya umma na dola ya ukoloni mamboleo. Maelezo hayo yana ukweli mwingi. Hata hivyo yana upungufu mmoja: mamlaka ya mtaa hutokea mwanzoni mwa hadithi, kisha hupotea katikati ya wapiganaji wawili wakubwa. Dola huonekana kama mwili mmoja wenye nia moja. Lakini kama dola ingekuwa hivyo, afisa wa maendeleo ya jamii asingewaita watu, na ekari nne zisingekuwapo. Kuipuuza ofisi ndogo ni kuipoteza hoja kubwa, kwani ndani ya ofisi hiyo ndogo ndimo ulimokuwamo uwezekano wa sanaa ya umma kulindwa na chombo cha umma.

Yawezekana mtu akapinga kwa kusema kwamba Kamĩrĩĩthũ kilifaulu kwa sababu hakikutegemea fedha za mtu. Kilijitegemea kwa mchango, jasho na muda wa wakazi, na kujitegemea ndiko kulikokipa uhuru wa kusema. Pingamizi hili lina uzito. Lakini kujitegemea kwa fedha hakukukilinda hata siku moja leseni ilipoondolewa. Aidha, muda wa kibarua wa majani ya chai si kitu cha bure. Ni mali ya maskini, na jamii inayoigharimia sanaa yake kwa mali hiyo peke yake huigharimia kwa bei ghali kuliko wote. Hitaji lilikuwa la ulinzi wa kisheria juu ya uwanja kwanza, fedha baadaye.

Dar es Salaam: ala na mshahara

Mfano wa Dar es Salaam waonyesha upande mwingine. Bendi ya Mlimani Park ilianza mwaka wa 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka wa 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, lililokuwa chombo cha biashara cha mamlaka ya jiji. Hapa serikali ya mtaa haikutoa ruzuku wala fadhila. Iliajiri. Ilinunua ala, ikawa na kumbi za starehe, ikawalipa wanamuziki mshahara, na mapato ya milangoni yakaingia katika shirika. Kazi iliyotokana na mpango huo, ikiongozwa na watu kama Michael Enoch na Muhiddin Maalim Gurumo, imekuwa sehemu ya urithi wa ushairi wa Kiswahili wa mjini. Nyimbo zilizungumzia ndoa, ulevi, umbeya na mauti, na wasikilizaji walizihakiki kwa miguu yao: walikuja au hawakuja.

Walakini mpango huo nao ulikuwa na kasoro yake. Ala zilikuwa mali ya shirika. Mwaka wa 1985 Gurumo na wenzake kadhaa waliondoka wakaenda Orchestra Safari Sound, iliyokuwa na mwenyewe mwingine na ala nyingine. Mwanamuziki alikuwa na sauti na utunzi. Mengine yote aliyaazima, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini bendi haikufa, kwa kuwa ukumbi, ala na mshahara vilibaki. Ikilinganishwa na Kamĩrĩĩthũ, tofauti ni wazi: chombo cha jiji kilipokuwa na ukumbi wake na biashara yake, sanaa iliweza kustahimili hata kuondoka kwa mabingwa. Haina budi kukiriwa pia kwamba nyimbo za dansi hazikumtisha mtawala kama ulivyomtisha mchezo wa wakulima juu ya ardhi. Uvumilivu wa dola haukupimwa kwa mizani ileile.

Kaunti na urithi wa leseni

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilibadilisha msingi wa jambo hili. Jedwali la Nne liliyaweka mambo ya utamaduni, burudani za umma, maktaba na makumbusho ya mahali miongoni mwa kazi za kaunti. Kifungu cha 11 kiliutambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na cha 33 kikataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka wa 2013, zilikuwa na fungu lao la mapato ya taifa, ambalo Katiba haikuruhusu liwe chini ya asilimia 15. Kwa mara ya kwanza, mwenye uwanja alikuwa na fedha.

Lakini kifungu cha 209 kiliziruhusu kaunti pia kutoza kodi ya burudani. Mara nyingi msanii wa mtaani hukutana na kaunti yake kwanza kwenye dirisha la kulipia: ada ya kutumia ukumbi, ada ya kubandika tangazo, leseni ya biashara. Anapokutana nayo kwa mara ya pili, huwa ni siku ya sherehe. Kundi la ngoma huitwa kuwapokea wageni, hupewa dakika chache kabla ya hotuba, kisha nauli na soda. Haya nayo huandikwa katika hesabu kuwa ni maendeleo ya utamaduni. Ukiyapima kwa methali iliyotajwa mwanzoni, mchezaji huyo amecheza kwa wageni ilhali yuko nyumbani. Hapana aliyemtuza, kwani hapana aliyekuja kumtazama yeye.

Swali la kibali nalo halijaisha. Mwezi wa Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilirudi jukwaani kwa Kigĩkũyũ na kwa Kiingereza, katika Jumba la Taifa la Michezo mjini Nairobi, jumba lilelile lililolifungia kundi milango miaka 40 iliyotangulia. Ni tukio la kushukuriwa. Hata hivyo mchezo ulirudi mji mkuu, kwa mwenye kumudu tiketi na safari. Uwanja wa Limuru haukurudi. Nao mwezi wa Aprili 2025, katika tamasha la taifa la drama za shule lililofanyika Nakuru, mchezo wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere ulizuiwa kwa vizingiti vya kila namna licha ya amri ya Mahakama Kuu. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila ya kuuigiza, na nje polisi wakawatawanya watu kwa moshi wa kutoa machozi. Tamasha hilo si la kaunti. Ila linathibitisha kwamba sheria kuandikwa upya si sawa na mazoea kuachwa.

Masharti ya msaada wa kweli

Kutokana na mifano hii, yaweza kusemwa kwamba msaada wa serikali ya mtaa kwa sanaa za jamii unahitaji masharti manne. Kwanza, uwanja uwe na hati inayoutaja kuwa ni wa sanaa na wa jamii, isiyoweza kugeuzwa na afisa mmoja kwa barua moja. Pili, mtoaji wa fedha asiwe mtoaji wa ruhusa, na yeyote anayenyima ruhusa alazimike kutoa sababu kwa maandishi, ili ziweze kupingwa mahakamani. Tatu, sehemu inayojulikana ya kodi ya burudani irudi katika kumbi na viwanja ilikotoka, kwa sheria ya bunge la kaunti, na igawanywe na halmashauri ambamo wasanii wenyewe wana viti. Nne, maombi, hesabu na majibu yapokewe kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji.

Sharti la nne ndilo linalozihusu idara za lugha moja kwa moja. Kundi la akina mama linaloimba kwa Kigiriama au Kiluhya hulazimika kumtafuta mtu wa kuliandikia ombi kwa Kiingereza, likieleza malengo, matokeo na vigezo ambavyo halijawahi kuvifikiri. Anayeliandikia ndiye anayelijua neno linalofungua mfuko. Polepole kundi hujifunza kuimba yale yaliyoandikwa katika ombi. Huo ni uhariri wa sanaa unaofanywa kabla ya mazoezi, nao hauonekani kwa mhakiki anayengoja maandishi yapigwe chapa. Kamĩrĩĩthũ kiliepukana nao kwa kuwa hakikumwandikia mtu ombi. Wazee ndio waliowasahihisha waandishi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba historia ya fedha za sanaa ni sehemu ya historia ya sanaa yenyewe. Urefu wa mchezo, saa ya kuuigiza, lugha yake na idadi ya waimbaji wake huamuliwa kwa kiasi kikubwa na nani mwenye uwanja, nani mwenye ala, na nani mwenye kalamu ya kutia sahihi. Mhakiki anayeyaacha hayo kwa wachumi huyaacha pia maelezo ya umbo la kazi anayoihakiki.

Kwa hiyo ingefaa bajeti za kaunti, sheria zao ndogo na fomu zao za maombi ziingizwe katika orodha ya maandishi yanayosomwa na wanafunzi wa fasihi ya jamii, na zisomwe kwa uangalifu uleule unaopewa tenzi: neno kwa neno, likiulizwa kila neno linampa nani haki na linamnyima nani. Pale ambapo fomu imeandika "mnufaika", na iulizwe kwa nini haikuandika "mwenyewe".